Bi Afraha Aliyesifiwa kwa Saumu Asiyoifunga

Inasimuliwa, na waliotusimulia ni wanawake, kwa hiyo mambo ya jikoni hayakuachwa nje, kwamba katika nchi ya Hadharamauti, zama za watu wema, paliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Afraha. Maana ya jina hilo ni furaha nyingi. Wazazi humpa mtoto jina wakiwa wameshiba, kesho hawaijui.

Mumewe alikuwa Ghanimu, mshona matandiko ya ngamia, mtu wa sauti ya chini na mikono migumu. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, wakahamia mabonde mengine. Kila baada ya sala ya adhuhuri wanawake wa mtaa walikutana uani kwa Bi Afraha, naye akiwafundisha dini yao. Alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti, na wapo waliomkaripia kwa kicheko hicho, wakisema hakimfai mwalimu.

Kiangazi kimoja kicheko kikakatika. Hapana aliyekufa. Hapana aliyemwacha. Mbuzi wote walikuwa zizini. Na hilo ndilo lililomtisha, maana aliyefiwa anajua analilia nini, na majirani wanamletea uji. Yeye aliamka asubuhi akakuta kifua kizito kama gunia lililolowa, akangoja kipungue, kisipungue. Chakula kikawa kama anatafuna pamba. Usingizi ukamkimbia. Akisimama kusali machozi yanamtoka, wala si kwa kuguswa na aya. Yanatoka tu, kama paa bovu.

Akaanza kujisaka. Nimefanya dhambi gani? Akaupekua umri wake wote, akakumbuka maneno aliyomjibu mama yake akiwa msichana, akakumbuka jirani aliyemnunia, akaomba toba kwa yote, na kifua kikabaki palepale. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba nyoyo hutulia kwa kumtaja Mola. Akamtaja mpaka ulimi ukakauka. Moyo ukawa unadunda tu, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Akaona maana ni moja: mimi nimekwisha kufukuzwa mlangoni. Hilo hakuthubutu kumwambia mtu. Mwalimu aende akamwambie nani kwamba dawa anayowapa watu, yeye mwenyewe haimshiki?

Sasa sikilizeni kosa la watu wa dini, maana wasio na dini wasingeweza kulifanya. Jirani akamwona hali chakula mchana, akasema anafunga. Mwingine akaona taa yake haizimwi, akasema anasimama tahajudi, sala ya usiku. Wakamwona analia katika sala, wakasema huo ndio unyenyekevu, sisi wengine tunasali kama kuku anavyodonoa. Akaacha mazungumzo, wakasema ameuhifadhi ulimi wake. Siku moja uchovu ukamzidi, akasema mbele yao, "Natamani nipumzike na dunia hii." Wanawake wakatazamana, mmoja akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ana shauku na Mola wake," wakasema.

Mtu anaungua, na wao wanamsifu kwa mwanga.

Alijaribu kumwambia mumewe. Ilikuwa alasiri, wanakunywa kahawa.

"Ghanimu," akasema, "moyo wangu umekufa."

Ghanimu akaweka kikombe chini taratibu. "Moyo uliokufa kwa dunia," akasema, "ndio ulio hai kwa Mola. Umenipa darasa, mke wangu."

Akalichukua neno hilo akaenda nalo msikitini, na kufikia Ijumaa wanaume wote wanalinukuu. Bi Afraha alipolisikia likirudi kwake kutoka kinywani mwa mke wa kinyozi, limepambwa na kutiwa vina, aliingia ndani akafunga mlango. Alikuwa amepiga kelele ya kuomba msaada, na watu wameifanya hekima.

Kulikuwa na kisima cha mtaa, kirefu, ukingo wake mfupi, unafika magotini. Bi Afraha akaanza kukiogopa kisima. Nitalisema wazi, kwa sababu kulisema kwa mafumbo ndiko kulikotaka kumwua: aliogopa kwamba siku moja atakwenda na ndoo, kisha ndoo ibaki peke yake pale juu. Hakulitaka jambo hilo. Lilimjia tu, akiwa anafuma, akiwa anasali, linamwita kwa upole, na upole wake ndio uliomtia hofu. Akamwomba mumewe awe anateka yeye. Mtaani wakasema, mnaona, ameacha hata shughuli za dunia.

Basi wakaanza kuja na vikombe vya maji avisomee na kuvipulizia. Wengine walimgusa nguo wakapaka uso. Alikuwa akijiambia, leo nitawaambia, kisha anaziona nyuso zao, na anaona haya. Na tena, Mungu amsamehe, kulikuwa na jambo jingine. Hizo sifa zilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho. Aliona kuwa akizitupa na zenyewe, hatakuwa na pa kushika.

Mtu mmoja tu hakuja na kikombe. Huyo ni Bi Jauza, mwoka mikate wa ukuta kwa ukuta naye, mjane mnene mwenye mdomo, ambaye sala zake zilikuwa za haraka kama mtu anayekimbia mvua. Kila jioni alimpelekea Bi Afraha mkate wa moto wa kufuturia. Kila asubuhi aliwaona mbuzi wa Bi Afraha wanatafuna mkate. Akanyamaza. Nani angemsikiliza Jauza dhidi ya walii?

Hali ikaendelea hivyo mpaka siku alipokuja Bi Shumaisa.

Bi Shumaisa alikuwa mke wa mfanyabiashara wa asali, mwanamke wa safu ya mbele, anayejua nani amekosa darasa na kwa nini. Alikuja darasani na mke wa mwanawe, binti mdogo aitwaye Wajiha, aliyekuwa ametoka arobaini ya uzazi karibuni. Mtoto alibebwa na bibi yake. Alikuwa analia. Wajiha alimtazama mtoto yule kama mtu anavyotazama mbuzi wa jirani.

"Bi Afraha, nimekuletea mwanafunzi wako," alisema Bi Shumaisa, na uso wake unang'aa kwa fahari. "Baraka zako zimevuka ukuta zimeingia kwangu. Mkwe wangu ameanza kufunga kama wewe."

"Ananyonyesha," alisema Bi Afraha.

"Ndiyo, na bado anafunga. Hagusi chakula. Usiku halali, analia kwenye msala. Hata mtoto hataki kumshika, ameshaikata dunia. Wifi zake wanasema ni uvivu, mimi nikawaambia nyamazeni, nyinyi hamjui mambo ya watu wa Mungu. Nataka umwekee mkono kichwani ili adumu."

Wanawake wakavuta pumzi kwa kustaajabu. Mmoja akasema hakika baraka ni kama moto, hushika kuni za karibu.

Bi Jauza alikuwa mlangoni na kapu lake la mikate. "Na maziwa yanatoka wapi?" akauliza.

"Bi Jauza, hapa ni darasani."

"Najua ni darasani. Mtoto hajui."

Bi Afraha hakuwa akiwasikia. Alikuwa akimtazama yule binti. Aliiona midomo iliyokauka, na vidole vinavyochuna uzi wa mtandio bila kuacha, na macho yaliyofunguka lakini hayapo. Akahisi baridi mgongoni katika joto lile, kama mtu anayepita mbele ya kioo bila kujua kuna kioo.

"Mwanangu," akamwuliza, "kwenu maji anateka nani?"

Wajiha akaendelea kuchuna uzi.

"Alikuwa akiteka yeye," akasema Bi Shumaisa. "Siku hizi haendi tena, ameacha—"

"Namwuliza yeye, mama. Mwanangu, mbona huendi kisimani?"

Binti akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza tangu aingie. Wakatazamana, yule mwalimu na yule mzazi mchanga, na Bi Afraha akajua: naye anakiogopa.

Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Kumbuka alikuwa na njia rahisi. Angeuweka mkono kichwani, angesoma kidogo, angepuliza, na watu wangetawanyika wanashukuru. Yule binti angerudi nyumbani na muhuri wa utakatifu juu ya ugonjwa wake. Angesifiwa kila asubuhi kwa kufa kidogo kidogo, mpaka siku ndoo ingebaki peke yake, na watu wangesema Mola amempenda akamchukua. Bi Afraha aliiona njia hiyo yote mpaka mwisho wake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa katikati yake.

"Mimi sifungi," akasema.

Watu walidhani hawakusikia vizuri.

"Sifungi. Sijafunga tangu kiangazi kilipoanza. Chakula hakipiti. Usiku sisali tahajudi, nakaa kwenye msala kwa sababu nikilala kitandani naona kuta zinanijia. Nikilia katika sala sijui nalia nini. Niliposema nataka kupumzika, sikuwa na shauku na mtu. Nilikuwa nataka kufa. Na kisimani siendi kwa sababu nakiogopa, nisije nikajitupa. Haya. Nimesema."

Uani aliyesikika ni mtoto peke yake, analia.

"Unatuchezea?" akasema Bi Shumaisa, taratibu. "Na maji uliyotupulizia je?"

"Nilipuliza kwa sababu mlisimama mbele yangu na vikombe."

"Mume wangu amekunywa maji yale."

"Alikuwa na kiu," alisema Bi Jauza. "Hayakumdhuru."

Wawili watatu wakainuka, wakakusanya mitandio yao wakaondoka bila kuaga, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ndiyo maana mtoto wake hakupona. Bi Shumaisa alibaki amesimama, uso mwekundu, mtoto mkononi.

"Huo ni udhaifu wa imani," akasema. "Mwalimu mzima. Muumini hatamani kufa."

Bi Afraha alikuwa amejibu maswali mengi uani pale, na jibu la swali hili hakuwa amelitayarisha. Lilikuja lenyewe, na alipolisema alionekana kama naye analisikia kwa mara ya kwanza.

"Bibi Mariamu," akasema, "uchungu ulipomshika chini ya mtende, hakusema laiti ningekufa kabla ya haya? Alisema. Akaambiwa nini, Bi Shumaisa? Aliambiwa imani yako ni dhaifu? Aliambiwa usihuzunike. Akaonyeshwa maji chini yake. Akaambiwa utikise mtende, ule, unywe, jicho lako litulie. Kula ndiko kulikotangulia. Mimi nimewasomesha kisa hiki miaka yote, na kila mara nilikipita mbio nikawahi kwenye muujiza."

Wajiha akaanza kulia. Safari hii alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na kamasi. "Mimi simpendi mwanangu," akasema. "Namtazama na simpendi. Mungu ataniadhibu."

"Wewe mgonjwa," akasema Bi Afraha. "Mgonjwa haonji utamu wa asali, na asali haina kosa. Wala ulimi hauna kosa."

Bi Jauza akalitua kapu. Akautoa mkate, akaukata vipande vidogo kama vya kulisha kifaranga, akachovya kimoja katika maziwa ya mbuzi yaliyokuwa pale, akamwekea Bi Afraha mkononi, na kingine akamwekea binti.

"Kula," akasema.

"Hakipiti, Jauza."

"Sikukuuliza kama kinapita. Mbuzi wako wamenenepa kwa mikate yangu mpaka wanaona haya kutembea. Leo zamu yako."

Bi Afraha akatafuna kile kipande kwa muda mrefu, kama anatafuna ngozi ya matandiko ya mumewe. Kisha kikapita. Akaanza kulia naye, na Bi Jauza akamwambia asilie juu ya mkate, utalowa.

"Ulijua," akasema Bi Afraha. "Mbona hukusema?"

"Niliona haya." Bi Jauza akatazama chini, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. "Niliona kama nitakuvua nguo mbele za watu. Nikakuacha uungue na nguo zako. Unisamehe."

Jioni ile Bi Afraha alimwambia mumewe, na hakumwachia nafasi ya kuligeuza neno. Ghanimu alikaa akikunja na kukunjua uzi wa kushonea. Aliona aibu kwa yale aliyoyapeleka msikitini, na zaidi aliona hofu, maana ni mke wake. Mwisho akasema, "Nifanye nini?" Basi, hilo tu. Yeyote anayedhani ni swali dogo hajapata kuuguza.

Walifanya mambo ambayo hayana fahari. Ghanimu aliufunika mdomo wa kisima kwa mbao nzito, zisizoinuliwa na mtu mmoja, na wanawake wa mtaa wakawa hawaendi kuteka maji ila wawili wawili, mmoja anamwita mwenzake mlangoni. Wengine walinung'unika kwamba wanapotezewa asubuhi, lakini walikwenda. Bi Jauza akawa akimtoa Bi Afraha nje kila siku jua likiwa bado changa, atake asitake, na akimwuliza swali moja: umekula nini? Akijibiwa alhamdulillahi, husema, "Hiyo ni ya Mola, na ameipokea. Mimi nauliza habari za tumbo." Ghanimu alimwita tabibu kutoka mji wa pili. Tabibu akawaona wote wawili, mwalimu na binti, akawapa mizizi ya kuchemsha, michungu mno, akawaambia haya ni maradhi kama homa ilivyo maradhi, yana dawa na yana muda. Akaongeza kwamba Ramadhani inakuja, na hawatafunga. Mgonjwa ana ruhusa. Watalipa wakipona.

Hapo Bi Afraha akapauka kuliko alivyopauka siku ile ya darasa. Kukiri ni neno, unalisema likapita. Kula mchana wa Ramadhani, mwezi mzima, wewe uliyekuwa ukisifiwa kwa saumu, katika mtaa ambao kila ukuta una sikio na kila pua iko macho, hiyo ni subira ya aina nyingine. Aliwaza ajifiche ndani na sahani yake kama mwizi. Akamkumbuka Wajiha. Akajua kwamba yeye akijificha, binti hatakula kabisa.

Basi Ramadhani ilipoingia, alitandika jamvi uani, wakakaa yeye na Wajiha, wakala uji na mkate kwa hofu, masikio kwenye mlango. Walikula kama watu wanaopita kwenye daraja bovu. Bi Jauza, amefunga, ndiye aliyewaokea, akawa anazungukazunguka na kunung'unika kwamba thawabu zake zote zinakwisha kwa harufu.

Hawakupona siku hiyo. Bi Afraha alipona kama anavyopona aliyevunjika mguu: leo anatembea, kesho baridi ikishuka mfupa unamwuma, anakaa. Zilikuwapo siku alizotoka jua likiwa utosini, na siku ambazo Bi Jauza alimkuta ameelekea ukutani tena, naye Jauza anavuta kigoda, anachambua dengu pembeni yake na kumsengenya kinyozi mpaka adhuhuri. Kicheko kilirudi, kidogo kuliko cha zamani. Darasa likarudi pia, lakini watu walikuwa nusu. Waliotafuta walii walikwenda kutafuta mwingine.

Na siku moja katika kumi la mwisho la Ramadhani ile, wakiwa wamekaa juu ya jamvi, mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Bi Shumaisa. Wajiha akaficha kipande cha mkate chini ya nguo. Bi Afraha hakuficha chake.

Bi Shumaisa akasimama akawatazama. Midomo yake ilikuwa mikavu kwa saumu. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, anavuta ukosi wa kanzu, na Wajiha alikuwa ameshikilia mkate chini ya nguo kwa mkono mmoja, na mwingine amemzungushia mtoto asianguke, bila kujijua.

Mama mkwe akaketi. Akanyoosha mikono. "Nipe huyo," akasema. "Ule kwa nafasi."

Wajiha akasita. "Niache naye kidogo, mama," akasema. "Ametulia."

Bi Shumaisa akairudisha mikono yake, akageuza uso kuelekea ukutani, akajifuta macho kwa mtandio.

Bi Afraha alipofariki, Mungu amrehemu, hawakumjengea kuba. Kaburi lake ni la kawaida katika makaburi ya mtaa ule, na hapana aendaye kuchota mchanga wake. Saumu zake zote alizilipa akiwa mzima, na hakumhesabia mtu.

Basi nanyi mkimwona mtu analia juu ya msala, msikimbilie kumwomba awaombee dua. Ya moyoni mwake anayajua aliyeuumba. Ninyi mwulizeni amekula nini. Na akijibu alhamdulillahi, mngojeni amalize jibu.